Fidia inalipa na mateso?

Swali: Shikamoo, mzee wakili. Nimefanya kazi miaka 12 kwenye kiwanda cha nyuzi. Sasa nalala nimekaa, nimeegemea mito mitatu. Nikijilaza tu, pumzi inakata. Je, fidia inalipa na mateso haya?
Msomaji, Mbagala

Jibu: Marahaba, mwanangu, pole sana. Mfuko wetu wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sheria ya 2008, hutazama matibabu, mshahara na asilimia ya ulemavu. Usiku wako hauna fungu lake, na hilo linaniuma. Marekani, mfuko wa waathirika wa mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 11, 2001 una fungu la mateso: saratani ya aina moja kwa kawaida haizidi dola 250,000, ugonjwa mwingine dola 90,000. Wewe mweleze daktari habari ya ile mito mitatu, na umwombe aiandike kwenye ripoti.