Muulize Mwalimu: Je, ni papa wa mtoni?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nilihamia Kansas City, Marekani, kutoka Bukavu. Mwezi Aprili wenzangu wa kazini walinipeleka mji wa Warsaw, jimbo la Missouri, kwenye mto Osage. Watu wanarusha ndoana kubwa za ncha tatu bila chambo, kisha wanavuta kwa nguvu mpaka imnase samaki popote mwilini. Walitoa mmoja mkubwa, pua ndefu bapa kama kasia, mwili hauna magamba. Mwenzangu akasema ni papa wa mtoni. Ni kweli? Mbona hali chambo? Na jamaa mwingine ananiambia mayai yake ni pesa.
Msomaji, Kansas City

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si papa; kwa Kiingereza anaitwa paddlefish, yaani samaki-kasia. Ila mwenzako ana wenziwe. Walbaum, mtaalamu wa Kijerumani aliyempa samaki huyu jina la kisayansi mwaka 1792, naye alimweka kundi la papa. Kama papa, mifupa yake karibu yote ni gegedu, yaani mfupa laini kama wa sikio, na ncha ya juu ya mkia imerefuka. Lakini nduguze wa kweli ni sturjoni, wale samaki wakubwa ambao mayai yao huliwa kama kaviari. Ukoo wao ni wa kale mno: huko North Dakota wamefukuliwa waliokufa miaka milioni 66 iliyopita, kimondo kilipoipiga dunia, na chembe za kioo zilizorushwa na kishindo kile bado zimenasa kwenye matamvua yao.

Hali chambo kwa sababu chakula chake ni vidudu vya majini vidogo sana. Mkubwa huogelea kinywa wazi, maji yanapita, vidudu vinabaki kwenye nyuzi za matamvua. Na ile pua, ambayo ni kama theluthi ya urefu wake, zamani watu walidhani ni ya kuchimbia matope. Sivyo. Nilipokuwa nasoma huko nilipata kumshika mmoja: pua nzima ina vitundu vidogo, vishada kwa vishada. Ni maelfu kwa maelfu, na kazi yake ni kuhisi umeme hafifu unaotoka kwenye miili ya vidudu hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, pale St. Louis, waliwaweka wachanga gizani na bado wakadaka kidudu kimoja kimoja. Mimi jambo hili halijawahi kuacha kunishangaza.

Sasa sikiliza la mto. Jike huchukua miaka minane hadi kumi kupevuka, na hatagi kila mwaka. Majira ya kuchipua, maji yakipata joto kidogo na mto ukafurika, hupanda juu kutafuta changarawe safi, maana mayai yake hunata kwenye mawe. Pale Warsaw yupo upande wa chini wa bwawa la Truman, lililokamilika mwaka 1979. Hawezi kulivuka, na changarawe alizokuwa akizifuata zimefunikwa na ziwa la bwawa hilo. Kwenye maji haya anashiba na kunenepa vizuri tu. Kuzaa ndiko kulikomshinda. Wengi mnaowavua hapo wamekuzwa na idara ya uhifadhi ya jimbo, wakaachiwa majini wakiwa wadogo.

Alikuwa na binamu China, kwenye mto Yangtze. Bwawa la Gezhouba liliukata mto mwaka 1981, uvuvi nao ukaendelea. Wa mwisho kuonekana hai ilikuwa 2003, na mwaka 2022 akatangazwa rasmi kuwa ametoweka. Kati ya samaki-kasia wote amebaki huyu wa Marekani peke yake.

Kuhusu mayai, tafadhali jitenge na huyo jamaa. Missouri inakataza kuyauza, na hata kuwa nayo yakiwa yametolewa tumboni ukiwa bado ukingoni ni kosa. Wapo waliofikishwa mahakamani kwa biashara hiyo hapo hapo Warsaw. Kata kibali, vua kwa msimu, na kumbuka kwamba kipimo huanzia jichoni hadi kwenye panda ya mkia, pua haihesabiwi. Asiyefikia kipimo mrudishe majini upesi, umemshika kwa mikono miwili, wala usimbebe kwa matamvua.