Jibu: demareri inazunguka, moteri haiwaki mpaka uachilie funguo

Mdogo wangu wa Bukavu, nimesoma swali yako mara mbili. Kagari umechomelea mwenyewe, moteri ya 5K ya Toyota, kontakti (swichi ya funguo) umenunua sokoni haina hata herufi moja nyuma, ukigeuza funguo demareri (starta) inazunguka vizuri ila moteri haiwaki, ukiachilia inakohoa mara moja halafu kimya, na siku zingine inafanya "ka!" tu basi. Na fundi amekwambia demareri imekufa. Usitoe hata dola kwanza. Mi hapa Goma nilinunua demareri mbili kwa ugonjwa kama huo, zote ziko chini ya kitanda, nzima kabisa.

Hayo ni magonjwa mawili, usiyachanganye.

La kwanza, la kukohoa. Kontakti nyingi ziko na hatua tatu ukigeuza: ACC ya radio, halafu ON, halafu START. Ukifika START kontakti inakata ACC makusudi, ili radio na vitu vingine visinyang'anye demareri umeme. Sasa wewe ulitafuta waya yenye 12 volti funguo ikiwa imewashwa, ukapata moja, ukaipeleka kwenye bobini (koili, yenye inatengeneza umeme mkali wa buji), ukafurahi. Kama waya hiyo ni ya ACC, muda wote demareri inazunguka bobini haina kitu, buji (plagi) hazitoi moto, karburateri inamwaga petroli bure. Ukiachilia, funguo inarudi ON, ACC inapata umeme tena wakati moteri bado inazunguka kidogo kwa nguvu yake, buji moja inapiga, njo ile kohoo unasikia. Kupima ni dakika mbili: waya nyekundu ya multimetri kwenye plasi ya bobini, nyeusi kwenye chuma ya moteri, mtu akugeuzie funguo. Namba ikianguka mpaka sifuri wakati wa START, nimekwisha kukwambia ugonjwa. Rudi nyuma ya kontakti utafute ile ingine, yenye umeme kwa ON na yenye inabaki na umeme kwa START. Hiyo njo ya bobini.

Kuna wengine wanapata kinyume, moteri inawaka vizuri demareri ikizunguka, wakiachilia inakufa. Hao bobini yao inakula START peke yake, ON haifiki, ama kama bobini ni ya zile za resistansi (kile kipande kinapunguza umeme wa bobini kwa ON) basi resistansi imekatika.

Halafu kuna ujanja wenye binamu yangu alifanya, tafadhali usiufanye. Alisema kama waya moja inakufa kwa START na ingine inakufa kwa ON, si tuziunganishe zote mbili kwenye bobini? Tukaziunganisha. Nikageuza funguo mpaka ON tu, sijafika START, ju umeme wa ON ulirudi nyuma kupitia ile waya mpaka kwenye demareri, demareri ikaingia, na gari ilikuwa kwa vitesi (gia) ya kwanza. Iliruka kama mbuzi ikaenda kupiga ukuta wa makoro wa jirani. Ukuta wa makoro hauna shida, ni lile jiwe la volkano, pare-shok (bampa) njo ilikunjika. Tangu siku hiyo kabla ya kushika waya yoyote naweka nyutro na jiwe chini ya tairi.

Sasa la pili, la "ka!". Hapa njo watu wanapoteza pesa mingi.

Kwanza sikiliza sauti. "Kakakaka" ya haraka mara nyingi ni batri, selenoidi (swichi ya sumaku ya demareri) inavuta, volti inaanguka, inaachilia, inavuta tena. "Ka!" moja nzito halafu kimya ni ya kutafuta zaidi, ju inaweza kuwa batri, kebo, masi (njia ya umeme kurudi kwa batri) ama demareri yenyewe. Pima batri ikiwa imepumzika, 12.6 imejaa, 12.0 karibu haina kitu. Lakini usiamini hiyo namba peke yake! Batri ya kuchoka inaweza kuonyesha 12.5 ikiwa imelala, ukiipa kazi inaanguka mpaka 7. Pima mtu akigeuza funguo, ikishuka chini ya 9.6 hivi peleka kuchaji kwanza ndiyo tuongee.

Yangu ilibaki 10.8 na bado "ka!". Nikatoa demareri, nikaifungia kwa mezani, nikaipa batri moja kwa moja, ikazunguka kama feni. Narudisha, "ka!". Wiki mbili. Siku moja jioni binamu anageuza funguo mi nimeinama kwa moteri, nikashika kebo ya aksele, ile ya pedali ya mafuta, nikaruka, imekuwa moto na plastiki yake inanuka. Kebo ya aksele! Inahusika nini na demareri?

Inahusika hivi: moteri imekaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Mi nilifunga masi ya batri kwenye shasi, moteri sikuipa masi yake. Demareri ya moteri kama hii inaweza kula ampere 150 na zaidi, na zote lazima zirudi kwa batri, zikatafuta njia, njia ikawa kakebo kembamba ka aksele. Nikaweka multimetri, waya moja juu ya risasi yenyewe ya batri upande wa kutoa (−), si kwenye kifungio, ingine kwenye mwili wa demareri, binamu akageuza: 3.8 volti. Pale inatakiwa ibaki chini ya 0.3. Volti karibu nne zilikuwa zinapotea njiani.

Nilifunga kebo nene toka moteri mpaka shasi, na pale inagusa shasi nikapiga sanda-pepa mpaka chuma ing'ae, ju rangi ni kama mpira tu, haipitishi, halafu vazelini juu kwa sababu ya kutu. Ikazunguka mara ya kwanza.

Upande wa plasi pima vilevile, toka batri mpaka ile skurubu kubwa ya demareri, ikizidi 0.5 kebo ni nyembamba ama kifungio kimelegea. Na barabara zetu za makoro zinalegeza kila kitu, mi nakaza kila mwezi. Batri yako umesema iko nyuma ya kiti, basi tafuta kebo ya mashine ya kuchomelea, milimita 35 za mraba, ni laini na inapinda vizuri. Ila kwaruza na kisu kabla ya kulipa. Ikiwa nyeupe ndani ni aluminiumu iliyopakwa shaba, achana nayo.

Kama plasi na masi viko sawa na bado inafanya "ka!" ama hata "ka" hakuna, angalia kawaya kadogo ka selenoidi, kale kanatoka START. Kontakti za sokoni zinachoka haraka ju selenoidi inavuta umeme mingi pale inaingia. Weka rele (swichi ndogo yenye inawashwa na umeme), namba zimeandikwa kwenye miguu yake: 30 toka batri na fyuzi, 87 kwenye selenoidi, 86 kwenye START, 85 kwenye masi. Kontakti inabaki kuamrisha rele tu, kazi ndogo.

Na ile ya kugusisha skurubu za demareri kwa turnavisi (bisibisi) ukiwa chini ya gari, najua wote tunafanya. Usifanye kama karburateri inavuja, ju inatoa cheche.

Andika hapa namba mbili tu: ile ya bobini wakati wa START, na ile ya batri mpaka mwili wa demareri. Picha ya demareri mpya sitaki kuiona.