Kwenda Tongoni na Amboni na kurudi siku hiyohiyo: hukumu ya ziara, mizimu na sala za njiani

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Mombasa. Akina mama wa darasa letu tumechanga nauli, tunataka kwenda Tanga Jumamosi na kurudi usiku uleule, kwa basi la kukodi na kijana wa kututembeza. Tutavuka Lunga Lunga na Horohoro, tuone msikiti wa kale na makaburi ya Tongoni, kisha mapango ya Amboni. Jirani mmoja amesema safari hii haramu, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kufunga safari ila kwa misikiti mitatu. Mwingine asema tusikanyage magofu, ni mahali pa watu walioadhibiwa. Na yule kijana ametwambia pangoni kuna chumba cha mizimu, mwenye haja hunong'ona haja yake na kuacha sarafu, na ati "si lazima uamini". Mama mmoja hana pasi, dereva anasema bodaboda itampitisha porini. Kaka yangu na waume watatu watakuwamo, lakini mama wengine hawana maharimu, yaani ndugu wa kiume wasioweza kuoana nao. Na sala zetu je?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Mwalimu, swali lako moja lina sita ndani yake, na hayalingani uzito. Jirani zako wamelishika lile jepesi wakaliona kubwa, na lile zito limepita mlangoni likicheka na kusema "si lazima uamini".

Nianze na misikiti mitatu. Hadithi ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra: hazifungwi safari ila kwenda misikiti mitatu, Msikiti Mtukufu wa Makka, Msikiti wa Mtume na Msikiti wa Aqsa. Lakini haikatazi kila safari. Ingekuwa hivyo, basi kwenda kutafuta elimu, kufanya biashara na kumzuru mzazi Lamu kungekuwa haramu, na hakuna mwanachuoni aliyesema hivyo. Makusudio ni kwamba mtu asijitaabishe na safari akiuendea msikiti fulani kwa kudhani sala ndani yake ina ubora kuliko mingine, ila hiyo mitatu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni ndiye aliyesema ni haramu kuiendea mingine. Imam Nawawi ameitaja kauli hiyo katika sharhe yake ya Sahih Muslim kisha akasema lililo sahihi kwa wenzetu ni kwamba si haramu wala si makuruhi (jambo linalochukiza bila kuwa dhambi), ila ubora kamili uko katika ile mitatu. Wako wanavyuoni wakubwa, Ibn Taymiyya akiwa mbele yao, waliokaza zaidi, hasa kwa anayesafiri kwa ajili ya kaburi. Siwafichi hilo. Lakini ninyi hamwendi Tongoni kutafuta sala yenye thawabu nyingi. Mwaenda kuona walikoishi waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 46, analaumu wale wasiotembea katika ardhi wakapata nyoyo za kuzingatia.

Huyo wa pili amechanganya. Hadithi ya kutoingia makao ya walioadhibiwa ila kwa kulia inahusu Hijr, nchi ya watu wa Thamud, ambako Mtume alipita akiwa njiani kwenda Tabuk. Watu wa Tongoni walikuwa Waislamu. Wameacha msikiti na makaburi kiasi cha 40, na kibla chao kinaelekea kaskazini kama chako cha Mombasa. Mji kuhamwa si dalili ya adhabu. Ingekuwa hivyo, pwani yetu yote kuanzia Gedi hadi Kilwa tungeipita tukilia.

Sasa lile zito. Nimeingia Amboni, na nilipofika kwenye hicho chumba nilikuta chupa za marashi zimepangwa juu ya jiwe, ubani, vitambaa, na sarafu za nchi mbili zimelala pamoja. Kilichonikera zaidi si wale walioweka kwa kuamini, maana hao angalau wanajua wanachokitafuta. Kilichonikera ni kumwona mgeni aliyevaa vizuri anacheka, anatupa sarafu, anapigwa picha. Akiulizwa atakwambia ni mchezo. Lakini mchezo huo umbo lake ni ibada: haja inapelekwa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu, na kinatolewa kitu juu yake.

Tirmidhi amepokea kutoka kwa Abu Waqid al-Laythi kwamba walitoka na Mtume kwenda Hunayn, na baadhi yao ndio kwanza wametoka ukafirini. Washirikina walikuwa na mti wakiuita Dhatu Anwat, wakitundika silaha zao hapo kutaka baraka. Masahaba hao wapya wakapita penye mti mwingine wakasema: "Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, nasi tufanyie Dhatu Anwat kama wao." Mtume akashangaa, akawaambia wamesema kama walivyosema Bani Israil kumwambia Musa: tufanyie mungu kama hawa walivyo na miungu. Tazama, mwalimu. Watu hawa walikuwa safarini, wamepita mahali, wameona desturi ya wenyeji, wakaona haina neno. Wala hawakuwa wametundika kitu, wameomba tu. Basi ikiwa kuomba kumejibiwa vile, kuweka sarafu kutajibiwaje?

Kwa hiyo pango lenyewe ingieni. Ni mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa amri ya Muumba wake, na popo wake, na baridi yake, na giza linalomnyamazisha hata mtoto mtundu. Kwenye chumba hicho, rai yangu ni mumwambie kijana mapema, kabla basi halijaondoka Mombasa, kwamba mtakipita bila kusimama. Kama njia ni hiyo moja, piteni, msiweke, msinong'one, msipige picha ya kuigiza. Na akiwahadithia kwamba pango linafika hadi Mombasa, sikilizeni kama mnavyosikiliza ngano, hapo hapana dhambi. Ila mama mmoja akikwambia pembeni kwamba yeye amechanga nauli kwa ajili ya kile chumba, ana mtoto asiyepona au ndoa isiyotulia, huyo usimwaibishe mbele ya wenzake. Kaa naye kando umfundishe, umsomee, umwombee. Asipokubali kuiacha nia hiyo, asisafiri nanyi.

Tongoni mambo ni tofauti, na hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Ule si ukuta wa kale tu. Kwa Mashafi, mahali palipowekwa wakfu kuwa msikiti hubaki msikiti hata paa lianguke na waumini wahame. Mti ukiota ndani ya mihrabu, ni mti umeota msikitini. Basi msifungue sufuria za pilau ndani ya kuta zile, wala msiwaache watoto wakapanda kwenye mihrabu. Mwenye hedhi asikae ndani ya eneo la msikiti, na nje pana nafasi tele ya kusimama na kutazama. Anayeingia akiwa na udhu na akataka kusali rakaa mbili za kuamkia msikiti, ni sunna, kwa sharti asielekee kaburi, kwa hadithi ya Abu Marthad aliyoipokea Muslim: msikae juu ya makaburi wala msisali kuyaelekea. Pale makaburi yako jirani sana na msikiti, kwa hiyo tazama kwanza mbele yako kuna nini kabla ya kufunga sala.

Utaona nguzo za makaburi, nyingine zimesimama, nyingine zimelala chini zimevunjika. Tazama kwa karibu utaona mashimo ya duara kwenye chokaa, kama vikombe vilivyofukuliwa. Humo mlikuwa na mabakuli ya kauri ya Kichina yaliyopachikwa kuwa pambo. Mabakuli hayapo, alama za matako yake zimebaki. Mimi nilitia kidole katika shimo moja nikakaa kitambo. Mtu alileta bakuli kutoka mwisho wa bahari, akaona halifai kulia chakula, linafaa kaburi la mkubwa wake, na leo jina la huyo mkubwa hatulijui. Usiegemee nguzo hizo, usikae juu ya kaburi ufunge viatu. Muslim amepokea kwamba mtu kukalia kaa la moto likachoma nguo likafika kwenye ngozi ni afadhali kuliko kukalia kaburi.

Kuhusu wanawake kuzuru makaburi, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni makuruhi, si haramu, kwa kuchelea kilio na kukosa subira. Lakini Mtume alimfundisha Bibi Aisha maneno ya kuwaambia watu wa makaburi alipomuuliza, na hao wa Tongoni wamekufa miaka mamia, sidhani kuna atakayewalilia. Toeni salamu: Assalaamu alaykum ahla ddiyaari minal muuminiina walmuslimiin, wa innaa in shaa Allaahu bikum lalaahiquun, as'alu Llaaha lanaa walakumul aafiya. Waombeeni wao. Msiwaombe wao.

Ama huyo mama asiye na pasi, hapana. Bodaboda ya porini haipandwi. Ni kuvunja sheria ambayo haimwamrishi mtu dhambi, ni kumsema uwongo askari akikutana naye, na ni kumtia dereva na kundi zima hatarini kwa jambo lisilo na dharura. Aende ofisi ya uhamiaji aulize hati ya kusafiria ya muda, siku zipo. Na kuna faida ya kifiqhi hapa ambayo watu hawaifikirii: kwa Mashafi, ambaye safari yake yenyewe ni maasi hapati ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne kuwa mbili. Sisemi kwa yakini kwamba yeye ataingia humo, nasema asizitie rakaa zake katika shaka kwa ajili ya njia za panya.

Mahali hapo pia watu huuliza: je, kuvuka mpaka ndiko kunakomfanya mtu msafiri? Mpaka hauna hukumu. Mstari ule wa kutoka mdomo wa mto Umba waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na wanavyuoni walikuwa wameshaandika mlango wa sala ya msafiri karne nyingi kabla yake. Mtu wa Vanga akienda harusini Jasini amevuka nchi na anasali rakaa nne. Wewe ukienda Malindi hujavuka chochote na unapunguza. Kinachotazamwa ni masafa ya marhala mbili, ambayo wengi wetu wanayahesabu takriban kilomita 81 na wengine karibu 89. Kutoka Mombasa hadi Tanga yamezidi hayo kwa mbali, na kurudi siku hiyohiyo hakubatilishi kitu.

Alfajiri salini majumbani au Likoni, rakaa mbili kama kawaida. Kuvuka feri peke yake kusikufanye uanze kupunguza. Ngoja nyumba zilizoungana upande wa Likoni zikwishe. Adhuhuri ikiwakuta Tanga, salini Adhuhuri rakaa mbili kisha Alasiri rakaa mbili papo hapo, mkinuia kukusanya kabla ya kutoa salamu ya kwanza, na msikae baina yake mkapiga soga. Mkisali nyuma ya imamu mwenyeji, hamna budi kutimiza nne pamoja naye. Ndiyo maana ni wepesi kwenu kusali kundi lenu wenyewe, kaka yako akawa imamu. Na mmefanya vyema kuacha Ijumaa. Wanawake haiwalazimu, lakini kaka yako na hao waume, na dereva kama ni Mwislamu, kwa madhehebu yetu hawaruhusiwi kuondoka mjini baada ya kuchomoza alfajiri ya Ijumaa ila wawe na hakika ya kuipata njiani.

Mama wasio na maharimu: jamhuri ya wanavyuoni wetu, yaani walio wengi, wanasema safari isiyo ya wajibu yataka mume au maharimu, kwa hadithi iliyo wazi katika Sahih mbili. Nawawi amewataja baadhi ya Mashafi walioruhusu mwanamke kutoka na wanawake waaminifu hata kwa safari ya ziara na biashara, kama walivyoruhusu katika Hija ya faradhi. Mimi ninapenda kauli ya jamhuri, na anayeweza kumchukua mwanawe au nduguye amchukue, viti vya basi havitajaa. Asiyeweza, akawa ameruhusiwa na mumewe na yumo katika kundi lenu hili la wanawake mnaojuana, sitamwambia ameasi, maana amefuata kauli ya wanavyuoni. Lakini asibaki nyuma na kijana wa kutembeza, wala asiteremke peke yake sokoni Tanga.

Imebaki Magharibi ya kurudi. Mpakani foleni haina ahadi, na jua linaweza kuwachwea pasi zikiwa bado mezani kwa afisa. Mkipata nafasi upande wa Lunga Lunga, salini Magharibi tatu na Isha mbili hapohapo, mmemaliza. Mkiona hakuna nafasi, nuieni kabla ya wakati wa Magharibi kutoka kwamba mtaikusanya na Isha, na mwambieni dereva asimamishe msikiti wowote wa njiani kabla ya kufika majengo ya Likoni. Mkizembea mkafika nyumbani hamjasali, safari imekwisha. Isha ni nne, na Magharibi yenu itakuwa kadha, yaani sala iliyopitwa na wakati wake.

Wallahu aalam.