Mwanangu, usimfute babu mkuu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma yote, na naona swali lenyewe umelitangulizia mengine. Umeanza na programu ya nasaba inayokulalamikia kwamba babu mkuu, yaani baba wa babu zako, ametokea mara mbili, ukataka nikwambie yupi umfute. Mwisho kabisa ndipo ukataja kile kipimo cha vinasaba (DNA) cha mate mlichofanya na binti wa mama mdogo, kilichowaita ndugu wa baba mmoja, ukauliza kama kuna jambo baba yako amenificha. Nitaanza na hilo, nisikuache ukeshe nalo.

Hakuna. Kipimo hakijui nani kamuoa nani. Kinapima tu kiasi cha vinasaba mnavyoshiriki, kisha kinakisia udugu kama vile koo zote duniani huoana na watu wa mbali. Ndugu wa baba mmoja hushiriki wastani wa asilimia 25, mabinamu 12.5. Nyinyi lakini ni mabinamu mara mbili: mimi na mama mdogo ni tumbo moja, na waume zetu, baba yako na ami yako, nao ni tumbo moja. Hapo peke yake mmeshafika 25. Kisha baba yetu sisi na baba yao wao walikuwa ndugu, kwa hiyo kila mmoja wetu aliolewa na mtoto wa ami yake. Ukijumlisha na hilo unapata karibu 31. Sishangai kipimo kuwaita ndugu.

Na kama moyo wako unataka ushahidi usiotoka kinywani mwa mama, upo. Niliyafundisha haya darasani miaka mingi. Mwanamume ana kromosomu, yaani uzi wa vinasaba, moja tu ya X, na kila binti yake humpa hiyo hiyo, nzima. Mabinti wa baba mmoja lazima washiriki X moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyinyi nyote wawili ni mabinti, kwa hiyo fungueni matokeo yenu mtazame hapo. Mkiona mnashiriki vipande vipande, na kwengine hakuna kitu, basi baba yenu si mmoja.

Sasa babu mkuu. Mtu ambaye wazazi wake hawana udugu huwa na wazazi wanane wa mababu na mabibi zake. Wewe unao sita, maana babu yako wa kuumeni na babu yako wa kukeni walizaliwa na watu wale wale wawili. Si kosa la kuandika, wala si aibu. Mfalme Alfonso XII wa Uhispania alikuwa nao wanne tu, kwa kuwa wazazi wake walikuwa mabinamu wa pande mbili kama mlivyo nyinyi. Kwa hiyo usifute mtu. Waunganishe wale wawili wawe mmoja, mistari miwili ishuke kutoka kwake, mmoja kwa baba yako na mmoja kwangu. Ukimfuta, wa upande mmoja watabaki wakining'inia bila asili.

Umeuliza kwa nini tulioana ndani kwa ndani. Dini haikukataza, Surat An-Nisaa, aya ya 23, inawataja wasiooleka, na binti wa ami hayumo. Lakini ruhusa si sababu. Sababu ilikuwa nyumba. Baba yangu alijaliwa mabinti wawili, hakuwa na mwana wa kiume. Kwa mirathi yetu, ukigawa hisa 24, mabinti huchukua 16, mjane 3, na 5 zinazobaki zinakwenda kwa ndugu yake. Nyumba moja ya mawe hapa Mji wa Kale utaikata vipi? Binti wakiolewa na wana wa ami yao, hisa zilizotawanyika hurudi chini ya dari moja. Wazee walilijua hilo hata kabla mtu hajafa. Usidhani lakini kwamba niliozwa kuta. Baba yako nilimtaka mwenyewe, na nikasema.

Jambo linaloniuma katika kazi yako ni jingine: umeandika wanaume mpaka vizazi sita, na wanawake umeishia kwa mabibi. Shajara za wazee, zile orodha za nasaba, nazo ni hivyo hivyo, fulani bin fulani bin fulani, kana kwamba hapakuwa na mama. Na kwetu mwana hupewa jina la babu yake, kwa hiyo Ali bin Salim anamzaa Salim bin Ali, naye anamzaa Ali bin Salim mwengine, na ami zake nao wana Ali wao. Utawatenganisha kwa kitu gani? Kwa mama zao. Ukimuuliza mzee, usimwambie "Ali yupi?" Muulize "Ali wa nani na nani?" na utaona jibu linakuja upesi. Karatasi za kutafuta ni za mirathi katika Mahakama ya Kadhi, na hati za wakfu wa familia. Binti hurithi, kwa hiyo lazima atajwe, hata pale shajara ilipomruka.

Andika na waliokaa eda wakaolewa na shemeji zao. Watoto wao wa mume wa kwanza na wa pili ni ndugu wa mama mmoja na mabinamu kwa wakati mmoja, na programu italalamika tena. Andika na ndugu wa kunyonya pia. Sisi wa madhehebu ya Shafii, mtoto akinyonyeshwa mara tano na mama mwengine kabla ya kutimiza miaka miwili, huyo ni ndugu wa watoto wa mama huyo na haoleki nao. Damu haitakuonyesha hilo, lakini wako mabinamu ambao wangeoana kama si hivyo.

Kuhusu posa iliyokuja kwa mdogo wako kutoka kwa mjukuu wa shangazi yangu, sikatai, lakini wote wawili watapimwa seli mundu kwanza. Wakiwa wanaibeba wote, kila mimba ina uwezekano wa robo wa mtoto mgonjwa, na jamaa wa karibu huwa rahisi kubeba kitu kimoja. Nimeshamwambia baba yako.

Nitumie orodha ya wanawake unaowakosa. Ijumaa nakwenda kwa shangazi mkubwa, nitamsomea mmoja mmoja.

Mama yako.