Mchezo Darasani: Sikiliza Mtoto Anahesabu Nini

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mwalimu kijana wa darasa la pili, aliyenieleza kwamba ametakiwa kuacha kutumia michezo katika vipindi vya hisabati kwa kuwa darasa lake lina kelele na alama za majaribio hazijapanda. Aliniuliza kama atii tu yaishe. Niliusoma ujumbe wake mara nne, kwa sababu miaka tisa iliyopita nami niliambiwa maneno yaleyale, mbele ya wanafunzi wangu 42, na bado nayasikia: "Darasa si kiwanja cha kuchezea."

Yaliniuma kwa sababu nilikuwa nimejituma. Nilikesha siku mbili nikichora mbao za mchezo wa nyoka na ngazi kwa rula juu ya makaratasi magumu, miraba 100 katika kila ubao, na dadu nikazikunja mwenyewe kwa karatasi, nikihakikisha kwamba kila pande mbili zinazotazamana zinajumlisha saba. Vifuniko vya chupa vikawa kete. Watoto walifurahi mno, hata waliozoea kusinzia wakawa wanauliza kipindi cha hisabati ni saa ngapi. Baada ya wiki tatu nikawapa jaribio la kujumlisha, nikiwa na hakika ya ushindi, na matokeo yakawa yaleyale ya zamani. Kwenye swali la 27 kuongeza 5, wengi walichora vijiti 27, kisha vijiti 5, halafu wakaanza kuhesabu vyote tangu cha kwanza. Siku mbili baadaye mwalimu mkuu akaingia darasani na kusema aliyoyasema. Nilizifungia mbao zangu kabatini, na kwa muda mrefu niliamini kwamba nilionewa.

Ukweli ni kwamba nilionewa kwa namna nilivyosemwa, lakini kuhusu matokeo nilistahili kuulizwa. Nililielewa hilo mwaka uliofuata, nilipowapa watoto wachache mbao zile wakati wa mapumziko, nami nikakaa kando ya msichana mmoja bila kusema lolote. Kete yake ilikuwa kwenye mraba wa 27. Akatupa dadu, ikaonyesha 5, naye akasogeza kifuniko chake akihesabu kwa sauti: "Moja, mbili, tatu, nne, tano." Nikamuuliza amefika namba ngapi, akainama kuisoma kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Ubao ulikuwa na namba 100, na mtoto yule alikuwa amecheza nusu saa nzima bila ulimi wake kuvuka sita.

Hapo ndipo nilipobadilisha kanuni moja tu. Mchezaji hasemi "moja, mbili", bali hutaja jina la kila mraba anaoukanyaga: "ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini, thelathini na moja, thelathini na mbili". Anayeanza na moja hurudisha kete alikotoka. Mwanzoni walinung'unika kwamba nimeuharibu mchezo, na kweli ukawa wa polepole, lakini baada ya siku chache nikaongeza sharti la pili: kabla ya kugusa kete, taja utakakofika, na wenzako wahakiki unaposogea. Wale walioinamia vidole vyao wakaanza kutazama juu na kufikiri.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti wawili wa Marekani, Elida Laski na Robert Siegler, walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu jambo hilohilo. Watoto wa chekechea walicheza kwenye ubao wa namba hadi 100. Waliohesabu kwa kuendelea kutoka namba ya mraba waliokuwapo walijifunza zaidi kuliko walioanza na moja kila zamu. Miaka sita kabla yake, Siegler na Geetha Ramani walikuwa wameonyesha kwamba ubao wenye namba 1 hadi 10 uliwasaidia watoto kuelewa namba, ilhali ubao wa aina hiyohiyo wenye rangi tu haukuwasaidia. Nilipoyasoma hayo nilifarijika sana, nikatamani ningeyajua usiku ule niliokuwa nakunja dadu.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, usijiulize kwanza kama watoto watafurahi, kwa maana watafurahi hata kwa kokoto. Jiulize kila zamu inamlazimisha mtoto kufikiri nini. Niliwahi kutengeneza kadi za kuoanisha maneno na picha, nikapaka kila jozi rangi yake pembeni ili zipendeze, na watoto wakazioanisha zote kwa kufuata rangi bila kusoma neno hata moja. Jiulize pia ni wangapi wanaofikiri kwa wakati mmoja. Ukiita mmoja mbele ya darasa ashindane na mwingine, 40 waliobaki ni watazamaji, na mtazamaji hajifunzi kuhesabu. Makundi ya watoto wanne yana kelele zaidi, lakini kila mmoja hupata zamu yake mapema. Na kelele zenyewe zisikutie hofu kabla hujazisikiliza, kwa kuwa kelele za namba na kelele za ugomvi hazifanani.

Mwalimu mkuu yule alirudi darasani kwangu muhula uliofuata, akasimama nyuma ya kundi moja kwa dakika kama kumi, akatoka bila neno. Mwezi huohuo alinitaka niwaonyeshe walimu wenzangu ninavyofanya. Hakuniomba radhi, nami sikudai, ingawa nisingeikataa.

Nimemjibu yule kijana kwamba asiache. Kesho akae na kundi moja tu, aweke chaki chini, aandike kila namba inayotoka kinywani mwa mtoto mmoja tangu mchezo unapoanza hadi unapokwisha. Asipoona hata moja inayozidi sita, abadilishe kanuni kabla kengele haijalia.