Jina la Ubavuni Silo Linalonilipa

Dada yangu aliyeko Langoni, Lamu, ameniletea ujumbe mrefu wa sauti ambao, kwa jinsi ulivyopangika, nimeona umepikwa barazani na watu wengi. Anauliza mtu aliyeajiriwa na shirika kubwa la ndege la Marekani anakosaje fedha za kumalizia ukuta wa nyumba ya mama, anakosaje tiketi ya bure ya kumleta mama kumtembelea, na kwa nini asimtafutie mpwa wake nafasi ya kusomea urubani hukuhuku. Najibu kwa maandishi ili jibu liwafae na wengine wa Lamu na Malindi wenye swali kama hilo.

Dada, mimi ni mhudumu wa abiria ndani ya ndege, lakini si mwajiriwa wa shirika hilo. Jina kubwa mnaloliona kwenye picha, rangi za mkiani, hata tai ninayovaa, vyote ni vya shirika kuu. Lakini mimi na marubani tunaoruka nao tumeajiriwa na kulipwa na kampuni nyingine kabisa, ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo karibu na mlango, mahali ambapo abiria anashughulika asijigonge kichwa. Mnazijua mashua za Shela ambazo tanga limeandikwa jina la hoteli: mgeni humsifu mwenye hoteli kwa safari nzuri, ilhali nahodha analipwa kwa safari, na siku hoteli ikipata nahodha wa bei nafuu, tanga hushushwa likapandishwa kwenye chombo kingine. Mimi ni baharia wa chombo cha namna hiyo.

Mashirika makuu, yaani American, Delta na United, ndiyo yanayouza tiketi, kupanga nauli na ratiba, na kwa kawaida kulipia mafuta. Kampuni za kandarasi, kama SkyWest ya Utah au Republic ya Indiana, huleta wafanyakazi na kuendesha ndege, zikalipwa kiasi kilichokubaliwa kwa safari na kwa saa, viti vijae visijae. Nyingine, kama Envoy na PSA, ni mali ya kundi la American lenyewe, lakini watu wake wana mikataba yao ya mishahara, tofauti na ya wenzao wa shirika kuu. Huko kwetu Jambojet ni mali ya Kenya Airways tangu ilipoanza mwaka 2014, lakini inaruka kwa jina lake, na abiria anayeshuka Manda anajua wa kumlaumu. Huku abiria hunilaumu mimi kwa ratiba nisiyoipanga, kisha humwandikia barua ya malalamiko mtu asiyenijua.

Sababu kubwa ya mpango huu ni kupunguza gharama ya wafanyakazi. Vyama vya marubani wa mashirika makuu viliona hatari ya kazi zao kuchukuliwa na watu wa bei nafuu, vikatia katika mikataba yao kipengele kinachozuia kampuni za kandarasi kupewa ndege kubwa, na kikomo kwa sasa ni viti 76. Ndiyo maana ndege aina ya Embraer 175, ambayo inaweza kubeba abiria 88, huku utaikuta na viti visivyozidi 76. Kwa wahudumu kama mimi hakuna kipengele kilichotukinga kiasi hicho.

Sasa niwaonyeshe kazi yenyewe. Sheria inadai mhudumu mmoja kwa kila viti 50, kwa hiyo katika zile ndege ndogo aina ya CRJ zenye viti 50 huwa peke yangu. Begi la magurudumu ambalo lingeingia bila taabu katika ndege kubwa haliingii kwenye rafu zetu; hufungwa kikaratasi cha namba, likaachwa mlangoni ili lipelekwe tumboni mwa ndege, na kila abiria wa tatu hutaka nimthibitishie kwamba atalipata. Nasimama hapo nikimwamkia huyu, nikimsogeza yule, nikimtafutia mzee nafasi karibu na mjukuu wake, na muda wote huo, katika kampuni yetu, malipo yangu ya saa hayajaanza. Huanza mlango ukifungwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi karibu katika kila shirika la Marekani, hata makubwa, mpaka Delta ilipoanza mwaka 2022 kulipa nusu ya kiwango kwa muda wa kupakia abiria. Theluji ikituzuia Chicago kwa saa tatu na mlango u wazi, saa hizo ni sadaka.

Juu ya hayo, kituo cha kazi hufuata kandarasi. Ilipohamishwa, kituo changu nacho kilihama, nami sikuweza kuihamisha familia. Usiku wa kabla ya zamu nalala katika nyumba ya vitanda vya deka ninayochangia kodi na wahudumu wengine, na kodi hiyo ni sehemu ya ukuta mnaoniuliza. Kuna walioumia zaidi: Compass na Trans States, kampuni mbili za kandarasi, zilifungwa kabisa Aprili 2020, na mfanyakazi aliyepata kazi kwingine kwa kawaida alianza mkiani mwa orodha inayowapanga wafanyakazi kwa miaka yao ya kazi, hata akiwa na mvi.

Tiketi za bure zipo, ila ni za kusubiri. Viti vikibaki, hupewa kwanza waajiriwa wa shirika kuu na watu wao, ndipo sisi. Tena hazifiki Kenya. Ndege inayotoka Nairobi moja kwa moja hadi New York ni ya Kenya Airways, iliyoanza safari hiyo Oktoba 2018, na tiketi yangu ya bure haihusiani nayo. Kumkalisha mama uwanja wa ndege Ulaya akingoja kiti kinachoweza kupatikana kesho au keshokutwa ni jambo ambalo sitalifanya.

Kuhusu mpwa wangu, habari za marubani ni afadhali kidogo, ingawa chanzo chake ni msiba. Tarehe 12 Februari 2009, ndege iliyouzwa kwa jina la shirika la Continental lakini ikiendeshwa na kampuni ya kandarasi, Colgan Air, ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50, akiwemo mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Ilikuwa ndege aina ya Q400, ileile inayorushwa na Jambojet, ingawa kosa halikuwa la ndege bali la namna marubani walivyoiongoza. Uchunguzi ulifichua mishahara duni na rubani msaidizi aliyesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwenda kazini Newark. Sheria ya mwaka 2010 iliyotokana na msiba huo ililazimisha wauza tiketi wamwambie mnunuzi ni nani hasa atakayeirusha ndege, na kuanzia mwaka 2013 rubani msaidizi naye akatakiwa kuwa, kwa kawaida, na saa 1,500 za kuruka. Marubani wakawa adimu, na mwaka 2022 kampuni tanzu za American zikapandisha malipo ya rubani msaidizi anayeanza hadi dola 90 kwa saa.

Kwa hiyo rubani wa kandarasi leo si maskini. Lakini mafunzo huku hukaribia au kupita dola 100,000, saa hizo 1,500 huchukua miaka, na viza ya mwanafunzi haitoshi kumwajiri mtu kwenye shirika la ndege. Msiuze kiwanja cha Mokowe kwa ajili hiyo. Aanze Nairobi, kwenye vyuo vya Wilson, ambako akipata leseni anaweza kutafuta kazi kwenye Caravan na ndege nyingine ndogo ili akusanye saa zake akilipwa. Akishazipata aniandikie yeye mwenyewe, si mama yake, tuzungumze habari ya leseni ya Marekani na kibali cha kazi.