Kabla hujapanda saipresi shamba zima Kinangop

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa wasomaji siku hizi unafanana sana. Mtu anafanya kazi Nairobi, au yuko ng'ambo, amenunua eka mbili tatu Kinangop Kusini karibu na msitu, na anataka kujua apande saipresi ngapi. Haulizi kama apande. Hilo keshaliamua, kwa sababu miti haihitaji kulishwa wala kukamuliwa, na mwenyewe hayupo.

Mimi nafuga kondoo huku, na ninayo miti pia, kwa hiyo sisemi kama adui wa miti. Ila huwa nawauliza: hizo nyasi mlizozikuta, mmeziangalia vizuri?

Uwanda wa Kinangop umelala kati ya msitu wa Aberdare na ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye kimo cha mita 2,400 kwenda juu. Januari, usiku ukiwa hauna wingu, sakitu hushuka na kuunguza viazi shamba zima kabla ya macheo. Kondoo mwenye sufu hana habari nayo. Zamani Wamaasai walilisha hapa, wakaja walowezi na kondoo wao wa sufu, kisha miaka ya 1960 ardhi ikagawiwa wakulima wadogo. Wote hao walikuta kitu kimoja kinachoota bila kubembelezwa, nacho ni nyasi.

Hii haraka ya kupanda miti ina chanzo chake. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na marufuku hiyo ikakaa hadi Julai 2023 Rais alipotangaza kuiondoa. Katikati hapo, mwenye miti shambani kwake ndiye aliyekuwa na mbao. Jirani akauza, akaezeka nyumba, kila mtu akaona. Lakini ukipanda leo hutauza katika soko la 2019. Saipresi ya kupasua mbao nzuri huhitaji miaka 25 au zaidi, na nguzo utakazopata njiani zitakulipa kidogo kidogo tu.

Piga hesabu pia ya nafasi. Ukiacha mita 2.5 kati ya mche na mche, eka moja inabeba kama miche 640. Miaka michache ya mwanzo utakata nyasi katikati ya mistari na kuwapelekea kondoo zizini. Usithubutu kuwaingiza humo wenyewe, maana watakula vichipukizi na kuguguna maganda. Baadaye matawi yanakutana, jua linakwisha chini, na linalobaki ni zulia la majani makavu ambalo hata mbuzi hana la kufanya nalo. Tembea ndani ya mashamba ya miti ya serikali pembeni mwa Aberdare uone. Katika mpango wa serikali uitwao PELIS, ule ambao wazee bado wanauita mfumo wa shamba, wakulima hulima viazi na karoti kati ya miche mpaka kivuli kiwafukuze. Kivuli kikishafika, hakuna anayevuna chakula hapo kwa miaka mingi.

Ninavyoshauri mimi ni miti ikae kingoni na nyasi zibaki katikati. Panda mistari miwili au mitatu upande unaotoka upepo, weka ua imara, pogoa matawi ya chini miti ikishapata urefu, lakini acha mstari wa nje uwe mzito ili uzuie baridi. Kinga hiyo ni mali kuliko mbao zenyewe. Kondoo aliyenyolewa juzi akinyeshewa usiku kucha kwenye upepo, asubuhi unamkuta amekufa, na wakati mwingine si mmoja. Nyoa wakati wa kiangazi, na hata hivyo walaze ndani wiki ya kwanza.

Usipande aina moja pekee. Chawa wa saipresi aliingia Kenya mwaka 1990 na miti ikakauka ikawa ya kahawia mlima mzima. Kabla ya hapo, msonobari wa California ulikuwa umependwa sana na maofisa wa misitu, hadi ugonjwa wa majani ulioletwa na kuvu ukawalazimu kuuacha miaka ya 1960. Changanya saipresi na msonobari wa patula, tia na podo kwa ajili ya wajukuu. Mikaratusi usiilete karibu na kijito wala chemchemi, hata ukipewa miche bure.

Sasa kondoo. Corriedale na Hampshire wanafaa baridi hii. Dorper ni kondoo mzuri wa nyama lakini asili yake ni nchi kavu, na kwenye matope ya Aprili utamwona akichechemea. Usitegemee sufu ikutajirishe. Pale Njabini wapo akina mama wasokotao na kufuma, nao hutaka sufu safi isiyojaa miiba, lakini fedha ya kuendesha shamba hutoka kwenye nyama na kwenye kondoo dume wa mbegu.

Adui mkubwa si chui, ingawa wapo msituni na zizi lazima lifungwe jioni mapema. Adui ni minyoo. Zoea kumshika kondoo na kufunua kope ya chini: ikiwa nyekundu yuko sawa, ikiwa nyeupe kama karatasi damu inanyonywa, mpe dawa siku hiyo. Kuwapa wote dawa ileile kila mara ndiko kunakoifanya dawa ishindwe. Sehemu zenye maji yaliyotuama zina konokono, na konokono hubeba minyoo ya ini. Zizungushie ua. Kwato kata kabla mvua ndefu hazijaanza, na ukiwapitisha kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba ya kutibu kwato, hakikisha hawayanywi, kwa maana shaba humuua kondoo. Kwa sababu hiyohiyo usimlambishe chumvi ya madini ya ng'ombe. Omba iliyoandikwa ya kondoo, na muuzaji akikuambia ni sawasawa tu, nenda duka la pili.

Na mbwa wako mpe dawa ya minyoo. Kondoo anayezunguka mahali pamoja akiinamisha kichwa upande mmoja hajarogwa. Ana kivimbe cha maji kwenye ubongo kilichotokana na mayai ya tegu wa mbwa. Mbwa naye hupata tegu huyo kwa kula kichwa kibichi cha kondoo, na ukisimama kwenye bucha yoyote ya senta siku ya soko utaona vichwa hivyo vinaishia wapi.

Kuna jambo moja ambalo wageni hawalijui. Kwenye nyasi hizi, hasa zile zenye mafungu magumu ambayo watu huyang'oa wakidhani ni takataka, anaishi ndege mdogo mwenye koo na kifua cha manjano, Sharpe's Longclaw. Hapatikani nchi nyingine yoyote nje ya Kenya. Hujenga tago chini kwenye mafungu hayo, na malisho yakilimwa au yakipandwa miti hana pa kuhamia. Kondoo hawamsumbui, mradi usiwajaze kupita kiasi. Wahifadhi wa Nature Kenya na Friends of Kinangop Plateau wamekuwa wakilieleza hili kwa miaka, na ninakubaliana nao hata nikiweka ndege kando, kwa sababu malisho yenye mafungu ndiyo yanayostahimili kiangazi kwangu.

Kiangazi kikizidi, msitu wa serikali huruhusu kulisha kwa kibali. Jiunge na chama cha jamii cha msitu, lipia kila mwezi, dai risiti. Mbuzi usiwapeleke, na penye miche michanga usiingie hata kama mlinzi hayupo.

Kwa wewe uliye mbali, usinunue kondoo mwaka huu. Mkodishie malisho jirani mwenye kundi lake, kwa masharti kwamba halimi na hang'oi mafungu. Atakujulisha maji yanasimama wapi mvua ndefu zikija, upepo unapiga kutoka wapi, na ua gani umeoza, nawe ukija likizo utakuwa unajua mistari yako ya miti ianzie kona ipi. Mkataba uandikwe, hata kama jirani huyo ni mtoto wa shangazi yako.